Mwezi Usio na Bua

Hotuba kwa walimu wa shule za msingi, Morogoro

Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Na ninyi vijana mnaojiandaa kuingia darasani mwakani, hamjambo wanangu.

Nimekuja na boksi. Mnaliona hapa mezani: boksi la sabuni, limefungwa kwa kamba ya mkonge, pembe zimeshalegea, na ubavuni limeandikwa anuani juu ya anuani mpaka hazisomeki vizuri. Boksi hili limepita barabara hiyo hapo nje mara sita, mikononi mwa makondakta wa mabasi, likitoka shule moja ya kijijini Ugogoni, mkoani Dodoma, kwenda shule moja ya Pangani, mkoani Tanga, na kurudi. Leo nataka niwaeleze kilichokuwamo, na nilichokiona watoto walipokishika.

Lakini nianze kabla ya boksi, kwa sababu kabla ya boksi nilikuwa na jedwali.

Jedwali lile mnalijua wote. Unachora mstari katikati ya ubao. Kushoto unaandika Pwani: mvua nyingi, minazi, samaki, ardhi tambarare. Kulia unaandika Kanda ya Kati: mvua chache, mtama, ng'ombe, ukame. Watoto wananakili, wanakariri, wiki ya mtihani wanarudisha kama walivyopewa. Nilifanya hivyo miaka minne mfululizo. Mwaka wa nne nikasahihisha daftari la binti mmoja wa darasa la nne, mtoto mwenye mwandiko mzuri, nikakuta ameandika hivi: "Pwani ni pazuri. Kwetu ni pabaya kwa sababu hatukupewa mvua."

Nilikaa na lile daftari muda mrefu. Mtoto hakukosea kunukuu. Jedwali langu ndilo lililomfikisha pale. Nilimpa safu mbili, moja imejaa "nyingi" na nyingine imejaa "chache", naye akajumlisha kama mtoto yeyote mwenye akili angejumlisha. Kijiji alichozaliwa, nyumba aliyojengewa na babu yake, chakula anachopikiwa na mama yake, vyote nilikuwa nimeviweka upande wa hasara.

Tangu siku hiyo nina jambo moja ninalolishikilia, na ndilo lililonileta mbele yenu. Mtoto halinganishi mahali pawili kwa kusomewa habari za huko na huko. Analinganisha anaposhika kitu cha kwao na kitu cha kwingine, akatafuta sababu ya kila kimoja kuwa kilivyo. Na mara nyingi mahali anapopagundua kwanza ni kwao. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtoto wa Ugogoni hajawahi kuuona mlenda mkavu, ingawa anaula kila wiki, mpaka mtoto wa Pangani amuulize ni kitu gani.

Sasa niwapeleke darasani.

Tulianza na mabua. Niliwaambia watoto waje na mabua makavu ya mtama, nami nikaandika ubaoni wastani wa mvua wa kila mwezi, Dodoma na Tanga, kwa takwimu za hali ya hewa. Kanuni ilikuwa moja: kila milimita 10 za mvua ni sentimita moja ya bua. Kundi moja lilikata mabua ya Dodoma, kundi lingine ya Tanga, kila mwezi bua lake, halafu tukaenda nje kuyachomeka mchangani kwa mpangilio, Januari mpaka Desemba, safu mbili zikitazamana.

Safu ya Tanga ilikwenda vizuri. Mabua yanapanda, Aprili na Mei yanakuwa marefu kuliko wenzake, yanashuka, yanapanda tena kidogo wakati wa vuli, na hakuna mwezi unaokosa bua, hata kama ni fupi. Kundi la Dodoma lilianza kwa kasi: Januari, Februari, Machi, mabua yamesimama. Aprili likafupika. Mei kikawa kijiti tu cha kushika kwa ncha za vidole. Kisha kijana aliyekuwa anachomeka akasimama, ameshika kisu mkono mmoja, mkono mwingine mtupu. Akaniuliza, "Mwalimu, Juni naichomeka nini?"

Sikumjibu. Nawaomba sana walimu wenzangu, ikifika dakika kama hiyo, msijibu. Wakajadiliana wenyewe, wakakubaliana kuweka kokoto. Juni kokoto, Julai kokoto, Agosti kokoto, Septemba kokoto. Kokoto nne zimepangana mchangani, na mbele yake ile safu ya Tanga haina kokoto hata moja. Wote wakanyamaza wanatazama. Ndipo kijana mmoja mdogo kuliko wenzake, ambaye kwa kawaida haongei, akasema: "Ndiyo maana bibi anakausha mlenda."

Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijasikia jibu zuri kuliko hilo. Hakusema mvua ni chache. Alisema mvua ina umbo, kwamba inakuja miezi fulani na kukata miezi fulani, na kwamba bibi yake anaifahamu kalenda hiyo na ana mpango nayo. Mwingine akadakia habari ya vihenge vya mtama. Mwingine akakumbuka visima vinavyochimbwa kwenye mchanga wa makorongo, maji yakishakauka juu. Mwingine akaeleza kaka zake wanavyohama na ng'ombe. Kila mmoja alikuwa anajaza zile kokoto nne kwa kitu alichokiona nyumbani. Binti wa lile daftari alikuwepo. Alikuwa amechuchumaa kwenye kokoto ya Agosti, anahesabu kwa vidole miezi ambayo debe la mlenda la kwao linatakiwa kufika.

Tulipomaliza tuliunganisha mabua ya kila safu, ncha kwa ncha, tukayasimamisha kando ya mtoto. Mvua ya Dodoma kwa mwaka ni karibu milimita 570, kwa hiyo mabua yake yalifika sentimita 57, mapajani kwa mtoto wa darasa la nne. Ya Tanga ni karibu milimita 1,300, yakafika utosini. Tukaongeza Bukoba, karibu 2,000, na hapo mtoto ilibidi apande kiti. Namba wanayoikuta kitabuni haikai kichwani, lakini ile iliyomfika mapajani na utosini bado wananitajia wakiwa darasa la saba.

Sasa boksi.

Nilimfahamu mwalimu mmoja wa Pangani tangu tulipokuwa chuo. Nikampigia simu, tukapatana: watoto wake na wangu watume vitu, si zaidi ya vitu vinane, na kwa kila kitu waandike swali au jibu. Kuchagua vitu vinane ilituchukua wiki nzima, na nawaambia ile wiki ndiyo ilikuwa somo lenyewe. Watoto waligombana. Kipi kinasema "hapa ni kwetu"? Mmoja alitaka kutuma kalamu. Wenzake wakamkatalia: kalamu ipo kote. Mwisho tukatuma kibuyu, masuke ya mtama na ya uwele, mlenda uliosagwa, udongo mwekundu kwenye chupa, karanga, majani ya mzabibu yaliyokaushwa ndani ya daftari, na ubuyu.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Ndani kulikuwa na nazi nzima na kumbi lake, kuti lililosukwa, kamba ya mkonge, hii hapa, kombe, mchanga mweupe, dagaa wakavu walionukisha darasa zima, chupa ya nusu lita ya maji ya bahari, na kitu kirefu cha kijani kibichi, kinene kama kidole, kirefu kama rula, kimechongoka upande mmoja. Watoto wangu walikizungusha mikononi. Wengi walidhani ni tunda la mlonge. Barua ikaeleza kwamba ni mche wa mkoko. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, inaning'inia mpaka iwe ndefu, ndipo inapoanguka kwenye tope. Mtoto mmoja wa Pangani alikuwa ameuliza mwishoni: "Je, kwenu kuna mti unaomlea mtoto wake namna hii?" Tulikwenda porini siku mbili kutafuta jibu. Hatukuupata, lakini kwa mara ya kwanza watoto wangu walitazama kila mti wa njiani na kujiuliza unalea vipi mbegu zake pahali ambapo udongo unakauka miezi mingi.

Yale maji ya bahari tuliyamimina kwenye sinia, tukaliweka juu ya paa mchana. Jua letu la Dodoma, lile nililoliandika kwenye jedwali kama shida, likatufanyia kazi. Siku ya tatu sinia lilikuwa na ukoko mweupe. Waliukwangua kwa kijiko, wakapata chumvi inayokaribia vijiko vitatu vya chai, na hesabu inakubali, maana lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Kila mtoto aliramba kidole. Tukawaandikia wenzetu: jua la kwetu limekausha bahari ya kwenu.

Boksi lilituletea pia jambo ambalo sikulitarajia. Watoto wangu walituma ubuyu wakiwa na uhakika kwamba watu wa pwani hawaujui. Jibu likasema, kwa herufi kubwa: TUNA MIBUYU NYUMA YA SHULE. Wakatuma na ubuyu wao, ule uliopikwa kwa sukari na rangi nyekundu, midomo ya watoto wangu ikawa myekundu mpaka jioni. Hapo tukapata swali jipya. Kama mvua zetu hazifanani, udongo haufanani, mbona mbuyu uko kote? Tukachunguza mti wetu. Tuligusa gome, tukaona shina nene linalohifadhi maji, na tukakumbuka kwamba majani hupukutika kiangazi. Mti huu unavumilia miezi mikavu ukiwa nayo mingi, na unaishi hata ikiwa michache, ilimradi pawe na joto. Ukipanda milimani kwenye baridi, huuoni. Jedwali langu la zamani lisingeweza kunifikisha hapo, kwa kuwa lilikuwa na nafasi ya tofauti tu. Mtoto anayelinganisha anahitaji nafasi ya kufanana pia, na mara nyingi swali gumu zaidi limejificha kwenye kufanana.

Kuhusu joto nitasema kidogo tu. Shule zote mbili zilikuwa na kipimajoto, kile cha bei nafuu cha dukani. Mwezi wa saba, kwa siku kumi, walisoma saa moja asubuhi na saa nane mchana, kivulini. Kwetu asubuhi ilikuwa nyuzi 14 hivi, mchana 26. Pangani asubuhi 21, mchana 28. Watoto wa pwani hawakuamini. Walikuwa wamefundishwa kwamba Dodoma ni kame, wakaelewa kwamba Dodoma ni joto, na sasa wanaambiwa wenzao wanakwenda shule na masweta wakipumulia viganja. Ukame si joto! Watu wazima wengi hatujalitenganisha hilo. Tukafanya jaribio la sufuria mbili, moja ya mchanga mkavu na moja ya maji, zote juani tangu asubuhi, kisha zote kivulini jioni. Mchanga ulipanda haraka na kushuka haraka. Maji yalipanda taratibu, yakashuka taratibu. Mtoto aliyetia mkono wake mwenyewe kwenye zile sufuria mbili hahitaji aya ndefu kumweleza kwa nini usiku wa Pangani, penye bahari mlangoni, haufanani na usiku wa Dodoma iliyo mbali na bahari na juu yake kwa mita 1,100 na zaidi.

Nyumba, hata hivyo, nataka nikae nazo, kwa sababu hapo ndipo nilipokaribia kurudi kwenye kosa langu la kwanza.

Tulijenga nyumba mbili ndogo kwa udongo na vijiti. Moja tembe ya Kigogo, ukuta mnene na paa tambarare la fito, nyasi na udongo. Nyingine ya pwani, ukuta wa miti na udongo, paa limeinuka mgongo na kuezekwa kwa lile kuti la kwenye boksi. Kisha tukachukua kopo lililotobolewa, tukamwagia maji kwa muda mrefu, kama masika ya Tanga. Tembe ikalowa, paa likalegea, likaanguka katikati. Nyumba ya makuti ikasimama. Watoto wakapiga makofi: "Ya pwani imeshinda!"

Moyo ulinidunda, kwa kuwa niliisikia tena ile sauti ya daftari. Na kosa lilikuwa langu, kwani jaribio lenyewe lilikuwa limepangwa kwa upande mmoja. Nilikuwa nimeleta mvua ya Tanga nikaimwaga juu ya nyumba ya Dodoma. Basi kesho yake tukajenga tena, nikawauliza maswali mawili. La kwanza: tukitumia mvua ya kwetu, kopo dogo, na kuiacha nyumba ikauke katikati, inakuwaje? Tembe ilisimama. La pili: nendeni mkalete vifaa vya kujengea nyumba ya pwani, kutoka hapa kijijini, ndani ya nusu saa. Walirudi na fito, udongo na nyasi. Mikono yao ilikuwa imejaa tembe. Kuti halikuwepo, kwa sababu mnazi haupo.

Ndipo tukaenda kwa mzee mmoja jirani ambaye bado ana tembe, ingawa kijiji kizima sasa kinaezeka bati. Tulipima joto saa nane mchana ndani ya tembe yake na ndani ya darasa letu la bati. Watoto walisoma wenyewe, wakarudia kusoma, maana hawakutegemea tofauti ile. Ndani ya tembe kulikuwa na ubaridi wa kukaa na kuzungumza. Mzee akawaonyesha paani, walipopanda kuona mahali anapoanika mtama. Akawaambia pwani huwezi kuanika nafaka juu ya kuti. Ni kweli, na mimi sikuwa nimeliwaza.

Tangu hapo darasani kwangu kuna sheria moja. Neno "bora" haliruhusiwi peke yake. Ukisema nyumba fulani ni bora, unaulizwa na wenzako: bora kwa mvua ipi, kwa vifaa vipi, kwa nani? Na tofauti yoyote unayoitaja bila "kwa sababu" haijakamilika, unarudi kuitafuta.

Najua mnachofikiri. Mwalimu, una watoto 90 darasani, kipindi ni dakika 40, silabasi inakukimbiza, nauli ya kifurushi inatoka mfukoni mwako. Ni kweli, na sitawadanganya kwamba ni rahisi. Boksi langu lilikwenda mara sita tu kwa miaka miwili. Lakini mabua hayana gharama. Kopo na udongo havina gharama. Na kama huna rafiki wa chuo upande wa pili wa nchi, angalia karibu. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu za kona. Unaanzia kwenye joto na mikonge, unafikia kwenye baridi, kabeji na mapeasi. Hapa Morogoro hamhitaji hata basi refu. Milima ya Uluguru hiyo dirishani ina pande mbili: wa mashariki, unaopokea upepo wa bahari, unapata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, na wa magharibi unapata kidogo zaidi ya nusu yake au chini ya hapo, mlima ule ule mmoja. Mtoto wa Kinole na mtoto wa Mgeta wanaweza kubadilishana boksi kwa bodaboda.

Na kama hata hilo haliwezekani, nendeni sokoni. Mpe kila mtoto kazi ya kumuuliza muuzaji mmoja, kwa adabu, na shikamoo yake: mama, hii imetoka wapi, na kwa nini hailimwi hapa? Watarudi na ramani ya nchi vinywani.

Naomba jambo moja la mwisho kwa wakuu wa shule mlioko hapa. Mkipita mkakuta darasa lote liko nje, limechuchumaa juu ya vijiti na kokoto, msiwarudishe ndani. Mchuchumae nao kidogo, mwaulize mwezi huu ni upi.

Nimesema ya kutosha, na mikono yenu imekaa bure muda mrefu. Chini ya meza hii nimeweka fungu la mabua, visu vinne na rula. Takwimu za mvua za mikoa yenu nimezibandika ukutani pale, mwezi kwa mwezi. Naomba walimu wawili wasimame waje mbele, mmoja aliyekulia pwani na mmoja aliyekulia bara. Wengine sogezeni viti, tupate nafasi sakafuni. Kokoto ziko kwenye hili kopo, kwa atakayezihitaji.

Haya, tuanze na Januari.